Kamba Isiyo na Fundo

Kila ninapohamia mji mpya, na nimehamia mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, watu huniuliza kwetu ni wapi. Huwajibu, Shika Adabu, kule Likoni. Si kweli kamili. Sikuzaliwa huko, na leo sina huko hata kibaraza cha kuegemea. Lakini ndiko nilikolelewa, na mtu akitaja kiangazi mbele yangu, popote nilipo, ni mahali pale tu ninapopaona.

Nilifika nikiwa na miaka minane. Mama alikuwa amefariki, na baba, aliyekuwa fundi wa reli Nakuru, alijaribu kwa miezi kadhaa kunipikia na kwenda kazini, akashindwa yote mawili. Akaamua kunipeleka kwa mamake. Tulisafiri siku mbili kwa treni ya daraja la tatu, tumekaa juu ya benchi la mbao tukiwa tumebanwa na magunia ya watu. Kila treni iliposimama wanawake walikuja madirishani na mayai ya kuchemsha na ndizi mbivu, nami nikala mpaka kiu ikanishika. Asubuhi ya siku ya pili, kuanzia Voi kwenda chini, nchi yote ilikuwa rangi moja, rangi ya mkate ulioungua. Baba alikuwa na chupa moja ya maji, akaniambia ninywe kidogo kidogo. Ikaisha kabla ya Mariakani. Tuliposhuka Mombasa tulitembea hadi feri, tukavuka, kisha tukatembea tena, yeye na sanduku kichwani, mimi na furushi la blanketi, tukipita mikorosho na minazi iliyokonda, mpaka nikaanza kulia bila machozi.

Neno la kwanza nililomwambia nyanya yangu, kabla hata ya shikamoo, lilikuwa "maji." Akaniletea kikombe cha bati, nusu. Nikayamaliza kwa mafunda mawili, nikamnyooshea kikombe tena.

"Ngoja hayo yafike kwanza," akasema. "Kiu haijui kuhesabu."

Baba akacheka. "Mama, mtoto katoka safari."

"Nimemwona. Hayo niliyompa ndiyo ya safari."

Nikamchukia kwa muda wa kama robo saa. Kisha, kweli, yale maji yakafika, na nikaona sina kiu tena. Baba alirudi Nakuru kesho yake. Mimi nikabaki.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, makuti juu, na uwanja uliofagiwa mpaka ukang'aa. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama au chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Jioni sima na mboga ya mchunga, chungu ulimini, na siku ya bahati kipande cha papa mkavu kwenye tui. Nyanya alikuna nazi akiwa ameipa jua mgongo, na sauti ile ya mbuzi ya kukunia, kwaru, kwaru, ndiyo iliyoniambia kwamba siku imekwisha na hakuna baya lililotokea. Babu alikaa mlangoni akisuka kamba. Alikuwa mzee wa maneno machache. Alinifundisha mafundo yote anayoyajua mwanadamu, la kufungia mbuzi, la kufungia mzigo, la kuunga kamba mbili zisizolingana unene, na hakuniuliza hata siku moja kama nilikuwa na huzuni.

Kwetu maji yalikuwa na safari ndefu. Yaliyoosha mchele yaliosha sahani. Yaliyoosha sahani yaliosha miguu yetu kabla ya kulala. Yaliyoosha miguu yalipelekwa kwenye mpapai nyuma ya jiko, na nyanya aliyamwaga shinani polepole. Masufuria tuliyasugua kwa jivu na mchanga hadi yakawa karibu kusafika yenyewe, ndipo yakapata maji. Nguo zilisubiri. Nilipomwambia kwamba Nakuru tulikuwa tukifungua mfereji tu, aliniuliza, "Na aliye mwisho wa bomba hupata nini?" Sikujua. Sikuwahi kufikiri kwamba bomba lina mwisho.

Maji yetu yalitoka kisima kimoja. Kilichimbwa na wazee watano waliokuja kutoka pande za Kinango kabla baba yangu hajazaliwa, na babu alikuwa mmoja wao. Walichimba mchanga, wakakuta mwamba wa matumbawe, wakautoboa kwa mtaimbo, wakapata maji matamu. Lakini visima vya majirani vilikuwa vimekwisha kuwafunza kwamba pwani, chini ya maji matamu, kuna maji ya chumvi. Matamu hukaa juu, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukiteka taratibu, kisima hujijaza kutoka mchangani. Ukiteka kwa pupa, ya juu huisha na ya chini hupanda, na yakishapanda hayashuki kwa kuombwa.

Basi wale wazee wakakata kamba. Ilikuwa ya makumbi ya nazi, nene kama kidole gumba, na kila ncha ilikuwa na kitanzi kilichosukwa humo humo. Kitanzi kimoja kilishika ndoo ya kutekea, kingine kilivishwa kwenye kigingi mdomoni mwa kisima. Urefu wake ulikuwa ule wa kufikia maji matamu na kukomea hapo. Maji yakiwa juu, ndoo ilizama na kujaa. Yakishuka kupita kiasi, ndoo ilining'inia hewani ikizunguka, na aliyeishika alijua kwamba kazi ya siku ile imekwisha. Tulisema kisima kimelala. Hakuna aliyehitaji kumwambia mwenzake kwamba amezidisha, maana kamba ndiyo iliyokataa. Ilipochakaa ilisukwa nyingine, zikalazwa mchangani sambamba, zikapimwa ncha kwa ncha. Sheria yake ilikuwa moja: kamba ya kisima haina fundo. Yenye fundo imeongezwa.

Mwenye kuitunza kamba hiyo alikuwa nyanya. Aliitundika juu ya kitanda chake, akaipeleka kisimani kila asubuhi jua likichomoza, akarudi nayo begani. Wazee walimpa kazi hiyo kwa sababu alikuwa na marafiki tele, lakini akifika kisimani hakuwa na hata mmoja. Wakati wa kiangazi kila nyumba ilipata ndoo mbili, ziwe za mchungaji au za mlevi. Ndoo zilipangwa mstari, moja moja mbele ya mwenzake, na kila moja ilijulikana: hii ina kitambaa chekundu mkononi, hii imepakwa rangi ya mlango, hii imezibwa kwa lami. Mbele zilikaa za nyumba tano za waliochimba. Nyuma yao waliofuata kuhamia, na nyuma kabisa waliokuja mwisho. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Hata nyanya hakuuona. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Wa mwisho kabisa alikuwa mama mmoja wa bara, mumewe kuli bandarini, ambaye alihamia na watoto pacha wa kunyonya. Tulimwita Mama Pacha. Kiswahili chake kilituchekesha, naye alijua, akakitumia hivyo hivyo. Mbele kabisa ya mstari alikuwa jirani yetu fundi mwashi, mtoto wa mmoja wa wale wazee watano, mtu wa mzaha uliokuwa na miiba.

"Mama Pacha," alimwambia siku moja, ndoo zake zimekwisha kujaa, "huko kwenu bara si kuna mito mpaka watu wanaogelea?"

"Iko, fundi. Nilitakanga kuja nayo, ikanishinda kukunja."

Watu walicheka mpaka kamba ikatikisika. Lakini siku ile, zamu yake ilipofika, ndoo ilining'inia. Kisima kimelala. Akazibeba zile ndoo zake tupu, moja kila mkono, na mapacha wake mmoja mgongoni mmoja kifuani, akaenda zake.

Mwaka niliotimiza kumi na mmoja, masika hayakuja. Vuli nayo ilipita kwa manyunyu ya kulowesha vumbi tu. Mikorosho ilipukutisha maua. Mbuzi walikula makuti ya uani. Ndoo ilianza kuning'inia mapema zaidi kila wiki. Na katikati ya kiangazi hicho, babu akafa, usingizini, kamba aliyokuwa akiisuka ikiwa bado miguuni pa kitanda.

Nyanya akaingia ndani. Kwetu mjane hukaa ndani, juu ya mkeka, wanawake wenzake wakimzunguka, wala hatoki mpaka matanga yaondolewe. Kabla hajaketi alinivisha kamba begani. "Wewe ndiwe uliyemwona akisuka," akasema. "Ishike mpaka nitoke."

Sijui kama umewahi kupewa kitu kizito ukajiona umerefuka. Ndivyo nilivyojiona.

Wageni walikuja kutoka Kinango na kwingineko ndani, wazee kwa vijana, na wengi walikuja kwa miguu. Kwao ukame ulikuwa mbaya kuliko wetu. Watu waliokuwa wametembea nusu siku kutafuta maji ya tope walifika pale wakakuta kisima, na ukiwatazama wakinywa ungedhani msiba wenyewe ulikuwa kiu. Walikunywa, wakanawa, wakanywa tena. Sufuria za wali zilitaka maji, chai ilitaka maji, waliozika walitaka kunawa mikono. Ndoo zetu mbili ziliisha kabla ya saa tatu asubuhi. Tukachukua za majirani. Walitoa wenyewe, ni msiba. Siku ya pili, mstari haujafika nusu, kamba ikakataa.

Baba hakuwahi treni, kwa hiyo mkubwa wa matanga alikuwa baba mdogo. Alifanya kazi bandarini na alikuwa mtu mwema, nataka ujue hivyo. Alisimama mdomoni mwa kisima akitazama ile ndoo inavyozunguka hewani, macho mekundu kwa kulia na kukosa usingizi.

"Yako maji huko chini," akasema. "Nayaona yanang'aa."

"Kamba imefika, baba mdogo."

"Babu yako kachimba kisima hiki kwa mikono yake. Leo watu waseme kazikwa kwa kiu?" Akatoa mfukoni kipande cha kamba ya nailoni ya buluu, ya kufungia mizigo. Kilikuwa na urefu wa mtu mzima. "Unga."

Ningeweza kukataa. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilikuwa mtoto, na mtoto hakatai neno la mkubwa. Lakini ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilijua fundo lake, lile la kuunga kamba zisizolingana unene, na watu wote walikuwa wananitazama. Nikalifunga vizuri sana. Ndoo ikashuka, ikazama, ikapanda imejaa, na mzee mmoja akanibariki.

Tuliteka siku nzima ile na siku iliyofuata. Wale wa mstarini walikaa kando ya ndoo zao wakatazama. Nani atasema neno kwenye matanga?

Alasiri ya siku ya tatu nikatumwa nimpelekee nyanya chai. Chumba kilikuwa na joto la watu, wanawake wamekaa wamejipanga ukutani. Akakipokea kikombe, akapiga funda moja, akakaa nalo mdomoni. Halafu akameza.

"Chai hii imetiwa chumvi," akasema.

Shangazi akasema labda jikoni wamechanganya mikebe. Nyanya alinitazama mimi.

"Kamba iko wapi?"

"Kisimani, nyanya."

"Ina mafundo mangapi?"

Ningeweza kumwambia sijui. "Moja," nikasema.

Akaweka kikombe mkekani, akainuka. Shangazi akamshika leso. "Mama, kaa. Mjane hatoki. Watu watasema nini?"

"Niliyemzika juzi ndiye aliyekichimba," nyanya akasema. "Mnataka nimzike mara mbili?"

Akatoka. Sauti zote uwanjani zilikatika. Wanaume walisimama, wengine wakageuza nyuso, kwa sababu haikuwa halali kwao kumwona. Akaenda moja kwa moja kisimani, akachota kwa kiganja kutoka ndoo iliyokuwa imejaa, akaonja, akatema. Akaiinua kamba akalitazama fundo langu.

"Alilifunga nani?"

"Mimi."

"Basi lifungue."

Nailoni ikilowa na ikivutwa na ndoo siku mbili huwa kama jiwe. Nilikwaruza kwa kucha, nikajaribu kwa meno. Baba mdogo akatoa kisu. Nyanya akamwambia, "Rudisha. Kisu kitakata na kamba, nayo tunaihitaji." Nikaendelea. Watu wote walisimama pale, wageni na wa mstarini, jua likishuka, na hakuna aliyekaa mpaka lile fundo likalegea. Vidole vyangu vilikuwa vinatoka damu. Nyanya akakivuta kile kipande cha nailoni akamrudishia mwanawe mkononi, bila kumtupia.

"Mama, umetuaibisha mbele za watu," baba mdogo akasema kwa sauti ndogo.

Aliyemjibu si nyanya. Alikuwa mzee mmoja wa Kinango, yule yule aliyenibariki. "Muache," akasema. "Sisi chetu kilikufa hivi hivi, kwenye harusi. Tulikula vizuri sana siku ile." Kisha akatafuta fimbo yake, na wageni wakaanza kuaga, mmoja mmoja, bila kinyongo. Matanga ya babu yangu yaliondolewa siku ya tatu, jioni, kabla ya kutimia saba, na hayakuwahi kumalizwa.

Nyanya akawageukia wa mstarini. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Alisema kisima kitafungwa mpaka maji yatulie, kwamba nyumba yake ndiyo iliyoyaharibu, na kwamba kitakapofunguliwa, ndoo zake zitakaa mwisho mpaka mvua inyeshe. Akazichukua ndoo zetu, za mikono iliyofungwa waya, ambazo miaka yote zilikuwa za pili kutoka mbele, akatembea nazo urefu wote wa mstari, akaziweka nyuma ya zile za Mama Pacha.

Wiki tatu watu wote waliteka karibu na feri, mwendo wa saa nzima kwenda na zaidi kurudi, kwa sababu yetu. Shuleni wenzangu waliniita Chai ya Chumvi. "Chai ya Chumvi, leo umefunga nini?" Sikuwapiga. Mama zao walikuwa wanapita njiani na ndoo vichwani, nami niliwaona.

Kisima kilipofunguliwa maji yalikuwa na ladha ya mbali tu, kama machozi yaliyokauka. Tukaanza kusimama mwisho. Huko mwisho, rafiki yangu, kulikuwa mahali pengine kabisa. Mbele watu walizungumza na kutaniana. Mwisho hakuna aliyezungumza. Kila mtu alikuwa akihesabu migongo iliyobaki na kusikiliza sauti ya ndoo ikigusa maji, kama imegusa kwa kishindo au kwa kukwaruza. Nyanya alisimamia kamba kule mbele, kisha zamu yetu ilipofika ndipo akaja kuteka. Mara nyingi haikufika. Siku nne mfululizo tulirudi na ndoo tupu, sisi na Mama Pacha, tukifuatana njia moja.

Siku ya nne Mama Pacha akasema, bila hasira, "Sasa nyanya umejua kwetu."

Nyanya akahamishia ndoo mkono wa pili. Jioni ile aliukumbuka mpapai, akaenda akausimamia muda mrefu bila kitu mkononi.

Asubuhi iliyofuata, kabla hajavisha kamba kwenye kigingi, aliziokota ndoo za fundi mwashi zilizokuwa mbele kabisa, akazibeba mpaka nyuma.

"Vipi tena, mama?" fundi akauliza.

"Jana ulikuwa wa kwanza. Leo wa kwanza ni aliyekuwa wa pili. Kesho naye atakwenda nyuma. Utarudi mbele siku yako ikifika."

"Baba yangu alichimba kisima hiki."

"Alichimba maji, mwanangu. Foleni hakuichimba. Na wangu alichimba pia, tazama ndoo yangu iko wapi."

Fundi alinuna wiki nzima. Alisema watu wa kuja wamepewa kisima cha wenyewe. Wengine wa nyumba tano walimuunga mkono, na siku moja nilidhani watamnyang'anya nyanya kamba. Hawakuweza, kwa sababu yeye mwenyewe aliendelea kukaa mwisho, kila siku, hata mstari ulipokuwa ukizunguka. Ni vigumu kumnyang'anya kitu mtu asiyejipa.

Kisha mama yake fundi akafa, mvua bado. Hofu iliyoenea siku ile sitaisahau. Kila mtu alikuwa anafikiria jambo moja na hakuna aliyelitamka. Fundi mwenyewe hakuja kisimani; aliona haya kuja na aliona haya kutokuja. Wageni wake walikuwa wameanza kufika. Asubuhi ile Mama Pacha alipata ndoo zake mbili, maana mstari ulikuwa umemleta katikati. Moja akaipeleka nyumbani kwake. Nyingine akaenda akaiweka mlangoni mwa fundi, akasema, "Pole sana, fundi. Hii si mto, lakini imekunjika." Fundi, mtu mzima, akaketi chini akalia.

Wengine wakafuata. Nyumba thelathini na kitu, kila moja ndoo moja. Mahali pa ndoo za fundi kwenye mstari nyanya aliweka jiwe, na kila siku jiwe likasogezwa kama ndoo, ili matanga yakiisha zamu yake asiikute imeliwa. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Nyumba yenye msiba haiteki. Huwekewa jiwe, na majirani huigawia kutoka fungu lao. Fundo lolote halikufungwa tena kwenye kamba ile.

Mvua ilinyesha mwezi uliofuata. Nyanya alitoka uwanjani akasimama chini yake na leso yake nyeusi, kisha akaingia ndani akaniambia nikaweke ndoo yetu kwenye zamu kama za wengine. Baba mdogo alikuja mwaka uliofuata. Alileta mchele na akakaa kando ya kisima peke yake kitambo kabla ya kuingia nyumbani. Hakuna aliyelitaja lile jambo mbele yake. Mimi mwenyewe nyanya hakuwahi kunikemea kwa ajili yake, wala kunifariji.

Nimepita huko mara moja tangu nilipohama, kama mgeni, nikiwa na safari nyingine. Mikorosho imekatwa. Kuna kuta za mawe na mageti, na nyuma ya kila geti tangi jeusi na mashine ya kuvuta maji, kila mtu akivuta yake kwa urefu anaoutaka. Vijana wanapitisha mikokoteni ya mitungi ya maji ya kunywa, kwa sababu yale ya mashine, waliniambia, hayanyweki. Yanafaa kufulia tu, na sabuni haitoi povu. Nikauliza kisima cha zamani. Mwanamke mmoja kijana akaniambia hajawahi kusikia kwamba hapo palikuwa na kisima. Hakuwa na kosa. Sikumweleza chochote. Ningeanzia wapi?

Lakini siku niliyoondoka, kilikuwapo bado. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na sina kazi, na lori moja lililokuwa likipeleka saruji Isiolo lilikuwa limenikubali kama utingo. Nyanya alikuwa amefariki wiki moja kabla. Miaka mitatu ya mwisho kamba ilikuwa kwa Mama Pacha, ambaye nyanya alimpa mwenyewe, mbele ya watu wote, akisema kwamba aliyewahi kukaa mwisho ndiye anayejua kilichobaki. Kilikuwa kiangazi tena, si kikali kama kile, lakini kiangazi. Katika matanga yake sikuteka hata tone. Kila asubuhi nilifungua mlango nikazikuta ndoo zimepangwa, yenye kitambaa chekundu, yenye rangi ya mlango, yenye lami, na ya fundi mwashi ilikuwa ya kwanza. Wageni walikunywa, wakapikiwa, wakanawa. Matanga yalikwenda siku zote saba, yakamalizika.

Asubuhi ya siku ya nane nilizisafisha zile ndoo kwa mchanga, nikazirudisha nyumba kwa nyumba. Hiyo ndiyo kwaheri niliyojua kuaga. Kila mahali nilipokelewa kwa maneno mafupi, pole, safari njema, Mungu akutangulie. Kisha nikafunga nyumba, nikampelekea baba mdogo ufunguo, nikachukua begi langu na kupitia kisimani.

Watu walikuwa wanateka. Mama Pacha alikuwa mbele na kamba, nywele zimeanza mvi, na mapacha wake, wavulana warefu sasa, wakivuta ndoo kwa zamu. Jiwe letu lilikuwa limefika karibu na mbele. Kesho au keshokutwa lingekuwa la kwanza.

"Matanga yameisha," akaniambia. "Weka ndoo."

"Sina ndoo, mama. Nyumba nimeifunga."

Alinitazama, akatazama begi. Hakuniambia nikae. Sidhani kama kuna mtu pale aliyedhani nitakaa.

"Basi litoe jiwe mwenyewe," akasema. "Mimi siwezi kulitoa."

Nikainama, nikaliokota lile jiwe, nikalipeleka kando, mbali na njia ya miguu, ili mtu asijikwae. Nikawaambia waliokuwa nyuma yetu, "Sogezeni."

Walisita kidogo. Kisha mwanamke aliyefuata akaisukuma ndoo yake kwa mguu mpaka pale tulipokuwa sisi, na wa nyuma yake akafanya hivyo hivyo, na wa nyuma yake, na nilipofika barabarani bado nilikuwa nasikia ndoo zikikwaruza mchanga, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa mstari.